Kilo zilizosomwa kwa sauti: kisa cha mjamzito aliyeikimbia kliniki

Mzani wetu ulikaa mlangoni, daftari likakaa kwenye meza ya mwisho kabisa ya ukumbi, na katikati palikuwa na mabenchi matano ya wajawazito. Ili kilo zifike kwenye daftari, anayepima alipaza sauti na anayeandika akaitikia. Sitini na mbili! Sitini na mbili. Hamsini na nane! Hamsini na nane. Ndivyo tulivyofanya kazi kwa miaka, na simkumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kwa nini. Asubuhi moja ya masika ikasomwa "mia moja na tano!" na ukumbi ukacheka.

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo kimoja cha afya jijini Dar es Salaam. Mama aliyepimwa asubuhi ile ameniruhusu kuandika kisa chake, ila jina lake, mtaa wake na jina la kituo vinabaki kwetu. Nitamwita Dada, maana ndivyo tulivyomwita sote, hata pale tulipokuwa tunamuumiza.

Hakuna aliyefariki katika kisa hiki. Ndiyo maana hakikuletwa kwenye kikao cha kujadili vifo vya wazazi, na ndiyo maana nimeona nikiandike. Mama akifariki kuna fomu, kuna kikao, kuna maswali kutoka wilayani. Mama akiondoka kliniki anafuta machozi kwa ncha ya kanga, kwenye daftari panaandikwa tu "hakurudi", kana kwamba kosa ni la miguu yake.

Siku ya kwanza

Dada alikuwa na miaka 33. Hii ilikuwa mimba yake ya nne: watoto wawili wazima, mimba moja iliharibika, na mdogo wa wale wawili alikuwa na miaka minane. Ni mama lishe; anapika karibu na kituo cha daladala, anaamka saa kumi alfajiri kukanda chapati. Alikuja akiwa na mimba ya wiki 14. Shirika la Afya Duniani linataka mama aonekane mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kupita, na aonekane angalau mara nane hadi kujifungua. Kwa kituo chetu, ambako wengi hutufikia mwezi wa nne umeshapita, wiki 14 ni mama aliyejali. Hilo la kujali hakuna aliyemwambia.

Urefu wake sentimita 160, uzito kilo 105, kwa hiyo uwiano wa uzito na urefu ni 41. Namba hiyo kwa mkunga ina maana nzito. Inamweka mama karibu zaidi na shinikizo la damu la ujauzito na kifafa cha mimba, kisukari cha mimba, damu kuganda kwenye mishipa, kujifungua kwa upasuaji na kutoka damu nyingi baada ya kujifungua. Sifichi hata moja kati ya haya, wala sitaki asomaye adhani nimekuja kusema uzito si kitu. Ni kitu. Na kwa kuwa ni kitu, mama huyu ndiye aliyestahili kukaa kwenye kiti chetu muda mrefu kuliko wote waliokuja asubuhi ile.

Alikaa muda mfupi kuliko wote.

Kwanza kilo zikasomwa. Mtu mmoja benchini akasema, "Jamani, mzani wa watu huo!" na kicheko kikaongezeka. Mwanafunzi aliyekuwa anapima naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. Dada akashuka, akatafuta ndala zake kwa vidole vya mguu bila kuinama, akaja meza ya presha. Mkanda wa presha ukafungwa kwenye mkono wake, ukaachia. Ukafungwa tena, ukaachia tena kwa ule mlio wake wa kuchanika. Mara ya tatu muuguzi akaushikilia kwa kiganja huku mashine inajaza hewa, na huku anamwambia, "Dada, punguza kula. Ukishindwa kusukuma usije ukatulaumu." Mashine ikaandika 146 juu ya 94. "Presha ya unene hiyo," akaambiwa.

Alijaribu kusema jambo. Alisema siku hizi anahema sana akipanda ngazi ya nyumbani, na akiinama kwenye jiko kichwa kinazunguka. Akajibiwa kwa maneno mawili: "Ni uzito." Hakuna aliyemtoa damu kupima wingi wake. Mwanamke mnene, ngozi inang'aa, nani angemdhania hana damu? Akapewa methildopa ya kushusha presha, vidonge vya kuongeza damu vya mwezi mmoja, dozi ya kwanza ya SP ya kuzuia malaria, kadi, na tarehe ya kurudi.

Mimi nilikuwa meza ya tatu. Nilisikia yote. Niliinamia daftari nikaendelea kuandika.

Mezani kwake

Ilipofika Agosti, mchana mmoja nilishuka kwenye daladala na njaa yangu nikaingia kibanda cha kwanza nilichokiona. Wali, maharage, mchicha. Aliyenipakulia aliinua macho, akatazama sare yangu, akatazama uso wangu, akarudisha macho kwenye sufuria. Nilimtambua tumbo kwanza, halafu sura. Nilihesabu kichwani: wiki 31. Kwenye daftari letu alikuwa na hudhurio moja.

Nilisubiri wateja wapungue. Nilipomuuliza hali ya mimba alijibu kwa adabu ya mtu anayeuza chakula, kisha akasema, "Sista, mimi kule sirudi. Nitakuja siku ya uchungu tu, na hiyo ni kwa sababu sina pengine pa kwenda."

Alinisimulia asubuhi ile neno kwa neno. Alikumbuka mpaka rangi ya kilemba cha yule aliyesema mzani wa watu. Akasema kitu ambacho tangu siku hiyo sijaacha kukitafakari: "Mtaani wananiita Bonge na mimi naitika. Mteja anasema Bonge niongezee mchuzi, namwongezea. Sijawahi kulia kwa ajili ya Bonge. Pale kwenu nililia mpaka nafika nyumbani."

Nikamwambia, "Dada, siku ile nilikuwepo. Nilisikia na sikusema kitu. Nisamehe."

Alifuta mikono kwenye aproni yake taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nilikuona," akasema. "Ulivaa miwani."

Nikajua pia alichofanya baada ya pale. Vidonge vya presha alivimeza siku sita. Siku ya saba alisinzia amekaa mbele ya jiko la mkaa, mwanawe akamwamsha, akavitupa. Vile vya damu vilipokwisha hakuja kuchukua vingine. Na lile la kupunguza kula alilitii kuliko chochote. Asubuhi chai ya rangi, mchana tikiti maji, chai tena, na usiku saa nne, baada ya kuosha vyombo, ndipo anakula ukoko uliobaki. Mwanamke anayelisha watu sitini kwa siku alikuwa anashinda na njaa, kwa ushauri wetu. Pale kwenye zahanati ya binafsi alikwenda mara moja kupigwa ultrasaundi, akaona mtoto anacheza, akaridhika.

Nilimwomba aje Alhamisi saa tisa mchana, wakati ukumbi hauna watu. Alikuja na wifi yake.

Tulichokikuta

Alipopanda mzani ulisoma 101. Mwenzangu, kwa moyo mweupe kabisa, akamwambia, "Hongera, umepungua!"

Hapo naomba msomaji asimame kidogo. Miongozo iliyotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2009, ambayo wakunga wengi duniani wanaitumia, inasema mama mwenye uwiano wa 30 na kuendelea atarajiwe kuongezeka kilo 5 hadi 9 katika ujauzito wote. Dada wiki ya 31 hakuwa ameongezeka, alikuwa amepungua kilo 4, na ndani ya mwili huo kuna mtoto, kondo na maji ya uzazi vinavyoongezeka kila wiki. Angekuwa mama wa kilo 55 amerudi na 51, sote tungeshtuka, tungemlaza. Kwa Dada tulitoa hongera. Ule mzaha wa siku ya kwanza na ile hongera ya siku ya pili ni ndugu wa tumbo moja: mara zote mbili tuliutazama mwili, hatukumtazama mama.

Wingi wa damu ulikuwa 8.9. Mjamzito huhesabiwa amepungukiwa damu akiwa chini ya 11. Kule kuhema na kizunguzungu, ambavyo alitueleza mwenyewe akiwa wiki ya 14, huenda vilikuwa na jibu tangu siku ile, na jibu lilihitaji tone moja la damu. Kipimo cha malaria kilikuwa safi, ila alikuwa amekosa dozi zote za SP baada ya ile ya kwanza. Sukari asubuhi iliyofuata, kabla ya kula, ilikuwa 6.1. Katika ujauzito, kuanzia 5.1 tunasema ni kisukari cha mimba. Kilipaswa kutafutwa kati ya wiki 24 na 28, wiki ambazo yeye alikuwa anatukwepa.

Halafu presha. Safari hii nilichukua futi, ile ile tunayopimia kimo cha mimba, nikapima mzingo wa mkono wake: sentimita 41. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima umetengenezwa kwa mkono wa sentimita 27 hadi 34. Mkanda mkubwa ni wa 35 hadi 44. Nikaenda kabatini kutafuta, nikiwa nimeshajiandaa kusikia kwamba hatuna. Tulikuwa nao. Ulikuwa ndani ya boksi la mashine, umefungwa kwenye nailoni yake, umekuja na mashine miaka miwili nyuma, haujawahi kuzunguka mkono wa mtu.

Nilimkalisha dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, hakuna anayemsemesha. 128 juu ya 80. Nikarudia baada ya muda. Vile vile.

Sidai kwamba mkanda peke yake ndio uliozaa tofauti yote ya zile 18. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliotoka mwaka 2023 ulionyesha kwamba mtu anayehitaji mkanda mkubwa akifungwa wa kawaida, presha ya juu husomeka zaidi kwa takriban 5, na anayehitaji mkubwa kabisa husomeka zaidi kwa karibu 20. Kwa mkono wa 41, mkanda una sehemu yake. Sehemu nyingine ni kwamba mama alikuwa ametoka kuchekwa na watu arobaini, hakupumzishwa, na alikuwa anakaripiwa wakati mashine inasoma. Ukichanganya hayo, karibu yeyote kati yetu angesoma 146. Na juu ya kipimo hicho tulimwandikia dawa iliyomsinzisha mbele ya moto.

Tulikosea wapi

Ukimuuliza mtu wa nje atasema manesi wa pale wana midomo. Ni kweli kwa sehemu, na sitetei. Ila nimefanya kazi na wale wenzangu. Mmoja wao alishawahi kumtolea damu mama asiyemjua saa nane usiku. Ukiishia kwenye midomo utatoa onyo, utabandika tangazo ukutani, na mwezi ujao kilo zitasomwa tena kwa sauti, kwa sababu mzani bado uko mlangoni na daftari bado liko mwisho wa ukumbi. Hakuna aliyekaa akapanga kumwaibisha Dada. Meza zilipangwa hivyo, na meza zilipokwisha kupangwa hivyo, aibu ikawa sehemu ya utaratibu, ikampata kila aliyekuja na namba inayosikika tofauti. Wasichana wa kilo 38 nao walikuwa wanachekwa, nimekuja kukumbuka baadaye.

Jambo la pili ni yale maneno mawili, "ni uzito". Nimeyasema mimi mwenyewe mara nyingi. Mgongo unauma? Ni uzito. Miguu imevimba? Ni uzito. Unahema? Ni uzito. Mara nyingine kweli ni uzito. Lakini ukilisikiliza vizuri, jibu hilo huja kabla ya swali, na likishatoka hakuna kinachofuata. Mama mwembamba akisema anahema anavutwa kope, anapimwa damu, anasikilizwa mapafu. Mama mnene akisema anahema anaambiwa habari za mwili wake ambazo alikuwa nazo kabla hajatoka nyumbani. Hali ile ile tuliyofundishwa kuwa ni sababu ya kumwangalia zaidi, tukaigeuza kuwa sababu ya kutomwangalia.

La tatu ni letu hapa kwetu, na naona linahitaji kusemwa kwa makini. Watu husema mambo ya kudharau wanene ni ya Wazungu, sisi huku mnene ndiye mwenye afya, ndiye "aliyenawiri", ndiye ambaye mumewe anamtunza. Miaka ile UKIMWI ulipokuwa unatumaliza, kukonda ndiko kulikokuwa na fedheha. Yote hayo ni kweli, na Bonge wa mtaani ni jina la kupendwa. Lakini neno hubadilika uzito kulingana na anayelisema na pale linaposemewa. Bonge la mteja mwenye sahani mkononi ni la mtu anayekuhitaji. Bonge la nesi mwenye kalamu, mbele ya watu, umevua viatu, ni hukumu. Mama yule yule anatoka kwenye sherehe ambako ameambiwa amependeza, anaingia kliniki anaambiwa amejiharibu, na hakuna mahali pa katikati ambapo mtu anaweza kuongea naye kama mtu mzima kuhusu mwili wake. Hata lugha yetu ya kitaalamu haitusaidii sana. Neno rasmi la unene wa kupindukia ni kiribatumbo. Mwenye kujua kiriba, ule mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, mwambie mjamzito neno hilo usoni uone.

Na idadi ya akina mama hawa haipungui. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo, na miaka mitano hivi kabla yake ilikuwa asilimia 22. Kwenye mabenchi yangu ya mjini naona zaidi.

Hoja ya mkubwa wangu

Nilipokileta kisa hiki kwenye kikao cha asubuhi, aliyepinga wa kwanza ni mama mmoja wa miaka mingi kazini, ambaye sote tunamwamkia shikamoo. Akasema, "Mwanangu, tukinyamaza watakufa. Kungwi hakumbembeleza mwali. Tunasema kwa mapenzi."

Sikumjibu siku ile, kwa heshima yake na kwa sababu nilijua anamaanisha. Wiki iliyofuata nilimpelekea kadi ya Dada nikamwomba aisome: hudhurio la kwanza wiki 14, la pili wiki 31. Nikamwuliza, "Shikamoo mama, haya mapenzi aliyapokeaje?" Akaitazama kadi muda mrefu. Kungwi alikaa na mwali siku kadhaa, chumba kimefungwa, akamwogesha, akamlisha, ndipo akamfoka. Sisi tunafoka dakika ya kwanza, mbele ya umati, halafu tunaita "mwingine!" Ukali wa kungwi ulikuwa na chumba na ulikuwa na siku. Wetu hauna.

Na ushahidi hauko upande wa ukali. Machi 2020, jopo la wataalamu lilitoa tamko la pamoja katika jarida la Nature Medicine wakitaka unyanyapaa wa uzito ukomeshwe, likaungwa mkono na mashirika zaidi ya mia. Walisema aibu haimpunguzi mtu uzito. Inamwathiri mwili na akili na kumfanya asipate huduma anayostahili. Mwaka huo huo mwongozo wa Kanada wa kutibu unene ukaweka hatua ya kwanza kabisa kuwa ni kuomba ruhusa: kabla hujaanza kuongelea uzito wa mtu, muulize kama yuko tayari kuongea. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni mambo ya nchi zenye nesi mmoja kwa wagonjwa wanne. Kisha nikajipima kwa saa ukutani: sentensi ya kuomba ruhusa inachukua sekunde nne. Ile ya "ukishindwa kusukuma usije ukatulaumu" inachukua hizo hizo.

Tulichobadilisha

Mzani uliingia chumba cha pembeni, nyuma ya pazia la vitenge viwili vilivyounganishwa. Anayepima anaandika mwenyewe kwenye kadi. Hakuna kinachosomwa kwa sauti. Mama akitaka kujua anaonyeshwa. Mkanda mkubwa ulitoka kwenye boksi, na futi ikapata kazi ya pili: mkono unapimwa hudhurio la kwanza, namba inaandikwa pembeni ya kadi ili hata akienda kwingine isipotee. Anayehema anapimwa damu, awe na umbo gani. Na wa ultrasaundi tulimwomba aache kusema "mafuta yanaziba". Siku hizi anasema mashine haijapata picha nzuri, tujaribu tena wiki ijayo.

Kuhusu kupima uzito kila hudhurio, bado tunabishana. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2008 ulisema upime hudhurio la kwanza, na kurudia kupima kuwe pale tu ambapo namba itabadilisha matibabu. Kadi yetu ina kisanduku cha uzito kwa kila tarehe, na kwa nchi ambayo bado ina wajawazito wanaokosa chakula, mimi naona kipimo kibaki. Kisa cha Dada chenyewe kinanipa sababu: kama namba ya 101 isingeandikwa nisingejua ana njaa. Ila namba isiyo na mtu wa kuifikiria haina faida kwa yeyote.

Wanaosema mabadiliko ya namna hii ni ya hospitali zenye fedha, nawakumbusha mradi wa Staha, uliofanyika Korogwe na Muheza mkoani Tanga kwa ushirikiano wa Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia. Ulihusu dharau wakati wa kujifungua, si uzito, lakini mzizi ni huo huo. Wanawake walipoulizwa wakiwa wanatoka hospitali, karibu mmoja kati ya watano alisema alidharauliwa au kunyanyaswa. Walioulizwa wiki kadhaa baadaye, wakiwa kwao, walizidi mmoja kati ya wanne. Ukiwa bado mlangoni mwa hospitali huwezi kusema yote. Kisha jamii na watumishi wakakaa wakaandika mkataba wa huduma, hospitali ikaweka mapazia, ikatenga chumba cha kupokelea, ikawapa chai watumishi wa zamu. Uwezekano wa mwanamke kudharauliwa ukapungua kwa asilimia 66 ukilinganisha na hospitali isiyofanya hivyo. Mapazia na chai. Hiyo chai ya mtumishi nayo niliisoma mara mbili, kwa sababu anayefoka saa saba mchana mara nyingi hajala tangu asubuhi.

Mwisho wa mimba

Methildopa hatukumrudishia, presha haikuihitaji. Aspirini ya dozi ndogo, ambayo kwa mama mwenye hatari zake ilifaa ianze kabla ya wiki 20, muda wake ulikuwa umepita, na hilo siwezi kulirudisha. Vidonge vya damu alivianza upya, akavimeza kwa maji ya machungwa, mbali na chai. Habari za chakula tuliziongea jikoni kwake, kwa lugha yake. Nilianza na, "Dada, unaniruhusu tuongee unachokula?" Akacheka, akasema niulize. Kumbe hakuhitaji kufundishwa vyakula. Anavijua kuliko mimi. Alihitaji mtu amwambie kula mchana ni ruhusa. Tulikubaliana akipakua sahani ya kumi, ya kumi na moja ni yake: ugali wa dona nusu ya alivyozoea, maharage, mchicha mwingi, dagaa. Wiki mbili baadaye sukari ya asubuhi ilikuwa 5.0. Wiki ya 37 damu ilifika 10.6.

Tulimwandikia rufaa ajifungulie hospitali kubwa, na juu ya barua, kabla ya kitu kingine, niliandika: mzingo wa mkono sentimita 41, tafadhali tumieni mkanda mkubwa. Alinisimulia baadaye kwamba daktari aliisoma, akasimama, akatuma mtu wodi nyingine akaulete. Wiki ya 39 alianzishiwa uchungu, akajifungua kwa njia ya kawaida mtoto wa kike wa kilo 3.6. Alitoka damu zaidi kidogo ya kawaida ikadhibitiwa. Alisukuma vizuri.

Alirudi kwetu mtoto akiwa na wiki sita, asubuhi, ukumbi umejaa, hakuomba tena saa tisa mchana. Sukari ilipimwa kabla ya kunywa glukosi na saa mbili baada yake: 5.2, kisha 7.1, zote salama. Tukaongea uzazi wa mpango. Nilipofungua pazia nikamwuliza kama tupime na uzito, akatikisa kichwa. "Leo hapana, Sista." Nikasema sawa. Kwenye kisanduku cha uzito nikapiga mstari, nikaandika hakupenda leo. Kwenye kisanduku cha presha nikaandika 124/78, mkono wa kulia, mkanda mkubwa, na chini yake tarehe ya kurudi.